Mayai Tumboni mwa Dume

…na bado ni dume, nimemgeuza ubaoni mara mbili, nimemtazama pale nyuma ya tundu la haja ambapo kila anayeanza kazi kwenye kituo cha kutotolesha samaki hufundishwa kutazama, pamechongoka, ni dume, koo jekundu, mapezi meusi, mabega mapana, dume kabisa, sasa haya mayai yametoka wapi… nimemchana kwa kisu cha siku zote, kuanzia tunduni kwenda kooni, nikaingiza vidole viwili kuvuta utumbo, na vidole vikakutana na mayai, na vidole hivi mayai vinayajua hata nikiwa nimefumba macho, upande huu wa mgongo upo ule utepe mweupe wa dume, laini, ukiubonyeza unatoa maziwa, na upande wa pili yapo mayai, machache, ya njano iliyofifia, makavu kama mtama uliosahauliwa shambani, yote katika tumbo moja, sato mmoja wa Jumapili niliyemtaka kwa ajili ya mchuzi tu… "Mama, uji umepoa?" ni Bhoke huyo, yuko bafuni nyuma ya turubai, maji yanamwagika, namwambia bado, una moto, oga kwanza, na uji upo hapa mbele yangu juu ya kigoda, kwenye kikombe cha bati, nimeufunika kwa kisahani inzi wasiuone, na dawa imo, niliitia kabla sijashika kisu, nikakoroga mpaka nikaacha kuiona, kwa hiyo si kwamba bado nafikiria nitie au nisitie, imo, kilichobaki ni yeye amalize kuoga na mimi nimpe kikombe, basi, jambo dogo kabisa, mtu hupewa uji kila asubuhi.

Chuma cha kigango kimelia mara ya kwanza, ile rimu ya lori waliyoining'iniza mtini, Bhoke anaoga ili awahi ibada, yeye yuko kwaya, mimi siwahi kitu, mimi hukaa benchi la nyuma na komunyo sipokei, tangu siku ile padri aliponiuliza, Dafroza, huyu binti ni nani wako, na sikumdanganya, nikamwambia ni mke wangu, baba, nimemwoa kwa ng'ombe aliowaacha marehemu, kwetu tunaita nyumba ntobu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, anamchagulia mwanaume wa kumpa mimba, huyo mwanaume akishamaliza kazi yake anakwenda zake na hakuna anayemtaja, na mtoto anakuwa wa nyumba hii, anaitwa kwa jina la mume wangu Baltazari, ambaye yuko chini ya yale mawe pale na nadhani anasikia kila kitu… padri akashusha pumzi, akasema nisipokee mpaka nitengeneze mambo yangu, nikasema sawa baba, na nikatembea na hasira yangu njia nzima kutoka parokiani Nyegina, kwa sababu yeye ni mtu mwema lakini hana shemeji anayeitwa Masatu. Masatu ndiye aliyekuja na kamba. Alikuja mchana kweupe, mimi naanika dagaa namwona, akatembea kutoka kwenye ua wa minyaa mpaka majini akipima kiwanja cha kaka yake, na nilipomuuliza akasema anapima tu, mama Hilda, kituo kinataka kuongeza matangi na wewe huna wa kumwachia. Mama Hilda. Hilda yuko Bunda kwa mumewe, ana watoto wake, ana akili kuliko ukoo mzima wa Masatu, lakini kwa Masatu Hilda si mtu wa kuachiwa kitu, na kwangu pia hakuwa, nisijifanye mwema, angekuwa mtu wa kuachiwa nisingetoa hata ndama mmoja kumleta Bhoke hapa… anasema kitu huyo bafuni, kwamba mbuzi wa jirani yetu Ryoba ameingia tena kwenye mihogo, mama unamsikia, namsikia, namwambia mwache ale, na anacheka, huyu msichana hucheka hata sabuni ikimwingia machoni, alipokuja hapa siku ya kwanza alicheka alipoona ziwa kwa sababu huko kwao milimani hajawahi kuona maji yasiyo na upande wa pili, akaniuliza mama, nani anayajazaga, na mimi nikasema moyoni, haya, nimeoa mtoto.

Kazi yangu kituoni ni kuwatemesha, ndivyo tunavyoiita. Sato jike akishataga hayaachi mayai, anayabeba mdomoni, na yakitotoa anavibeba vitoto, na siku zote hizo hali kitu, anazunguka na njaa yake na mdomo umefumbwa, sasa sisi wanawake tunaingia bwawani mpaka kiunoni, tunamkamata kwenye wavu, tunamfungua mdomo kwa kidole gumba, tunamtikisa kichwa chini juu ya beseni, na anatema, hawezi kuzuia, mayai yanamwagika kama ulezi, halafu tunamrudisha majini mdomo mtupu, na wapo ambao ukiwaachia hawaendi, wanabaki palepale mguuni pako wanafungua mdomo wanafumba, wanafungua wanafumba… zamani nilikuwa nawatania, nenda mama, utapata wengine. Mayai yanapelekwa kwenye mitungi ya maji yanayotembea, yanatotoa, na vifaranga vikianza tu kula vinakuwa vya Mugeta. Mugeta ndiye mchanganya chakula, kijana mpole, mikono imemchunika kwa spiriti, anachukua ile dawa nyeupe kwenye kichupa kidogo kama cha wanja, anaiyeyusha kwenye spiriti, ananyunyizia chakula kilichosagwa laini kama ugoro, anakianika kivulini kwenye trei mpaka spiriti iruke, kinabaki na harufu ya dagaa na hospitali, na siku moja nikiwa nasubiri beseni langu nilimuuliza, hii hasa inafanya nini. "Ni dawa ya dume, mama Hilda," akasema. "Tukiwawahi kabla hawajajijua, wote wanakuwaga madume. Jike anamalizaga chakula kwa kuzaa tu." Alisema hivyo huku anachekecha, bila ubaya wowote, madume wanakua haraka, mnunuzi anataka samaki mkubwa, hiyo ndiyo biashara, lakini mimi nilisimama pale na beseni tupu. Kabla hawajajijua. Bhoke ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutapika asubuhi. Nikarudi nyumbani nikamkuta ameegemea ukuta anamung'unya udongo wa kichuguu, tumbo hata halijaonekana, nikamtazama, nikasema huyu wa ndani naye bado hajajijua, bado yuko njia panda, ukimwahi… Sikuchukua nyingi, kiganja kimoja, kwenye trei ya pembeni, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, na mlinzi getini akaniuliza habari za mkamwana, nikamwambia mzima, anakula vizuri, na nilikuwa na furaha, hilo ndilo linalonitisha sasa, nilitembea njia nzima na furaha kama mtu aliyenunua nguo ya sikukuu.

Uzee huu haukunifundisha kuuliza swali la pili. Hakuna aliyeuliza la pili, hata pale maji yalipoanza kupita hapa kwetu, maana maji ya matangi hayana kwingine, yanatoka kwa mfereji unaopita nje ya minyaa, nikinyamaza nausikia, unaingia ghubani palepale tunapofulia, haujawahi kukauka tangu kituo kije, na vifaranga vikiugua wanatia ule unga wa njano, ile OTC tunayowachoma ng'ombe, mfereji unashuka na rangi ya chai, na sisi tulifurahi, dawa ni dawa, Ryoba alikuwa analeta ndama zake zenye vidonda miguuni anazisimamisha humo, anasema huku Murangi tumebahatika, serikali haikutuletea josho lakini tajiri ametuletea… Kwanza wakapotea konokono, nikasema afadhali, kichocho kitapungua. Halafu wakanyamaza vyura, nikasema afadhali, tutalala. Halafu wakapotea furu, wale samaki wadogo wa rangirangi wa pembeni ambao wanangu Hilda na Nyangeta walikuwa wakiwavua kwa chandarua kilichotoboka, wanawatia kwenye kopo, wananiletea mimi niwasifu… hapo sikusema afadhali. Akaja Revocatus, kijana wa chuo, na boksi lake la barafu, akawa ananunua samaki wa ghubani kwangu, anawachana juu ya ubao huuhuu, anakata vipande anatia kwenye vichupa, anatazama sana na anaongea kidogo, na siku moja nikamwuliza kwa utani kama anatafuta dhahabu. Akasema, "Mama, ile dawa haiishi yote tangini. Inatoka na maji, na hawa wa nje wanainywa hawajaulizwa. Majike wanageuka." Nikamcheka. Nikamwambia kijana, hili ni ziwa, si ndoo. Hakubishana, aliomba sabuni, akauosha ubao wangu, akausuuza, akauosha tena, na mimi nikaudhika nikaona ananiona mchafu, kumbe mwenzangu alikuwa ananihurumia. Laiti angenigombeza. Mtu akikugombeza utawaambia wenzio, na neno litazunguka kijiji, lakini aliosha ubao akaondoka, na mimi nikakata vitunguu juu yake.

Na yale mashimo… niyaache mashimo, nifikirie mchuzi, vitunguu vipo, nyanya zipo, nimtoe haya mayai nimtupie kuku, nimkaange kama samaki mwingine, lakini mkono umekaa, kisu kimekaa, inzi mmoja mkubwa anatembea juu ya koo jekundu na simfukuzi. Kila asubuhi nikienda kuchota napita pale maji yalipo mafupi, yakiwa maangavu kabla upepo haujaamka, na nayaona. Sato dume huchimba shimo mchangani kwa mdomo wake, duara, analisafisha, anakaa katikati anamngoja jike aje atage, zamani majike walikuja kwa makundi na pale palikuwa na vurugu kama mnadani. Sasa mashimo ni mengi kuliko yalivyowahi kuwa, yamejaa mpaka kwenye matete, na kila shimo lina dume wake, yupo katikati, anapepea mapezi, anangoja, kesho nikipita yupo, keshokutwa yupo, shimo safi, halina kokoto wala jani, na hakuna anayekuja. Wavuvi wanasema ni nyavu haramu, wengine wanasema kuna mtu kafanya mambo yake usiku, na mimi nilikuwa naitikia tu, na ndoo kichwani… siku hizi nikipita wananitazama. Najua samaki hamtazami mtu. Lakini wananitazama, wote kwa pamoja, kutoka kwenye yale mashimo yao safi, kama watu waliokaa msibani wakimsubiri mwenye mji aje awaambie ni nani aliyekufa, na mimi naongeza mwendo mpaka maji yananimwagikia mabegani.

Jana nilimpa, na hilo nalo lipo. Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, akanywa kidogo akasema mama, uji wa leo unanuka sindano, nikamwambia kunywa, acha deko, na akanywa wote kwa sababu ni mtiifu, halafu hakufika hata kwenye mpera, alitapika mpaka akapiga magoti, na mimi nilikasirika, sikumshika kichwa, sikumletea maji, nilisimama nikitazama kilichomwagika chini nikifikiri kitu kimoja tu, kwamba imepotea bure, na nikakifukia kwa majivu kwa pupa kama paka… na sasa nashukuru, Mungu wangu, nashukuru kwa matapishi, lakini yalitoka yote? nani wa kuniambia yalitoka yote, nawaza kiasi kidogo tu kilichobaki ukingoni, kidogo kama chumvi ya kuonja, kinashuka polepole kwenda kule aliko, na kule hakuna mlango wa kufunga. Anasema na mtu huko bafuni, nilidhani ananiita, hapana, anasema na tumbo, anamwambia wewe, tulia wewe, leo tunaenda kuimba, hata hajamwita wa kiume au wa kike, wewe, kama unavyomwita mtu unayemzoea. Juzijuzi alikuwa ananipaka mafuta miguu, mimi nimefumba macho, akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, nikizaa wa kike utanirudisha kwetu? Maana kwetu yuko mmoja alirudishwaga." Na mimi niliyaacha macho yamefumbwa. Nikamwambia paka na kisigino. Akapaka na kisigino, taratibu, na hakuuliza tena, na usiku ule nilimsikia akijigeuza na kujigeuza upande wa pili wa ukuta.

Nyangeta hakuwa mtoto wa kelele. Ilikuwa ni homa, tulimbeba kwenye baiskeli, Baltazari anasukuma na mimi nimeshika kichwa, na tulirudi naye akiwa amefunikwa uso, na msibani walikuja watu wengi, watu wema, walipika, walichota maji, na shangazi yake Baltazari akanishika bega akasema jikaze mwanangu, afadhali hakuwa wa kiume, na wale wa mkekani wakaitikia ndiyo, afadhali, na Masatu aliyekuwa kijana wakati huo akaitikia naye, na mimi kinywa kilikuwa kimejaa, kimejaa kabisa, nikakifumba… na nimekifumba tangu siku hiyo, hapa ndipo nilipofika, nimezunguka nacho miaka yote hii nikidhani ninachokibeba ni hamu ya mtoto wa kiume. Kumbe ni Nyangeta. Ni yeye tu, na kopo lake la furu. Nilidhani dawa inaleta dume. Ndivyo nilivyoielewa, kama mtu anavyopanda mbegu ya mahindi akapata mahindi, ukitia dume utavuna dume, nani amewahi kunieleza vingine, Mugeta hakueleza, anachekecha tu. Haileti mtu. Huyu hapa ubaoni alikuwa jike. Alizaliwa huko nje ghubani, hakuna aliyemnunua, hakuna aliyemwekea chakula kwenye trei, alikuwa jike kama mama yake, akanywa maji ya kwao, na yale maji yakamchukua kidogo kidogo, yakamvika mabega, yakampaka koo rangi, yakampeleka kwenye shimo mchangani akae, na mayai yake yakabaki huku ndani gizani yanakauka… majike wote tunaowatafuta hawakuvuliwa wala hawakuhama, hakuna mtu aliyefanya mambo yake usiku, wamo mle mashimoni, wanapepea mapezi, wanajingoja wenyewe. Na huyu wa Bhoke, kama ni wa kiume ni wa kiume tangu zamani na hanihitaji mimi, na kama ni wa kike, basi mimi na kijiko changu tulikuwa tunaenda kumfunika uso. Mara ya pili, kwa mkono wangu, na uji wenye sukari.

Sitampa… nimelisema, sitampa, hata Masatu aje na kamba ndefu kuliko hiyo, hata matangi yafike hapa kwenye kigoda, nitampigia Hilda Bunda nimwambie njoo, kuna kiwanja chako hapa, kama wazee watakataa wakatae mbele yangu nikiwa hai. Nimekishika kikombe. Nimwage, basi. Nimwage wapi… hapa chini, mvua ya jioni itachukua, itapeleka kwenye mfereji, mfereji unapeleka ghubani. Chooni, lakini mwaka ule ziwa lilipopanda maji yalitokea kwenye shimo la choo, ziwa na choo chetu vinajuana. Kuku wanywe, na mayai yao tule sisi, ale Bhoke. Mbwa, huyo mbwa mwenyewe ana mimba, anavuta tumbo hapo chini ya kihenge, ananitazama anadhani nimemwandalia. Kwenye moto, nusu itageuka mvuke na jiko ni chumba kidogo, atakayekaa humo kupika ni nani. Nifukie kwa majivu kama jana… ile ya jana sasa iko wapi, ilinyesha usiku, niliisikia mvua nikaona raha. Ninywe mimi, basi, niimalize, mimi nilishapita umri wa kugeuzwa, na kwa mila mimi ni mume tayari, nina mke, ndevu ndizo zilizobaki, zikiota nitaenda nazo kwa Masatu tukae baraza moja… nimecheka, Bhoke ananiuliza unachekaga nini mama, namwambia mbuzi, lakini nikinywa nitakojoa, na nikikojoa hiyo nayo inakwenda wapi, kila upande ninaougeukia katika kiwanja hiki cha marehemu ni mteremko, sikuwahi kuliona hilo, nimekaa hapa ujana wangu wote, nimefagia, nimelima, nimezika, na kumbe ardhi yote imeinama kuelekea majini.

Chuma cha kigango kinalia mara ya pili, Bhoke atachelewa, atachelewa na atacheka, sato yuko ubaoni amefunguliwa na yale mayai yake, maziwa upande huu, mtama upande ule, na mfereji unapita nje ya minyaa, unakwenda, na kule kwenye maji mafupi wamekaa… Namwita Bhoke. "Hurudi kwenu," nasema. "Hata ukizaa wa kike. Hasa wa kike." Na yeye wakati huohuo amejimwagia ndoo ya mwisho, maji yanapiga sakafu ya mawe, yanatiririka chini ya turubai, yanashika njia yao kuelekea mferejini na povu la sabuni juu, na ananiuliza unasemaje mama, umepoa? na kikombe kimepoa zamani, kimekuwa baridi mikononi mwangu, nimekifunika kwa kiganja kisimwagike hata tone, nimesimama nacho, sijui nitasimama nacho mpaka lini, namwambia bado, mwanangu, nasema bado.